Jack Leslie: Uingereza ilimwita mwaka 1925, kisha ikaona rangi ya uso wake

Wapenzi wa Leopards wanamkumbuka vizuri Yannick Bolasie, yule winga aliyekuwa kwenye kikosi cha Kongo kilichoshika nafasi ya tatu katika CAN ya 2015 kule Guinea ya Ikweta. Wengi wanamjua kwa miaka yake Crystal Palace na Everton. Wachache wanakumbuka kwamba kabla ya hapo, kati ya 2008 na 2011, alivaa jezi ya kijani ya Plymouth Argyle, timu ya mji wa bandari ulio kusini-magharibi kabisa mwa Uingereza.

Leo nje ya uwanja wa timu hiyo, Home Park, pamesimama sanamu ya mchezaji mwingine mweusi aliyevaa jezi hiyo ya kijani karibu miaka 90 kabla ya Bolasie. Anaitwa Jack Leslie. Alicheza mechi 401 na kufunga mabao 137 kwa timu moja tu ya kulipwa. Hakuichezea timu ya taifa ya Uingereza hata dakika moja, ingawa siku moja ya Oktoba 1925 aliambiwa kwamba amechaguliwa.

Kilichotokea kati ya siku ile na siku ya mechi ndicho kilichofanya jina lake lifichwe kwa muda mrefu, na ndicho kilichofanya watu walitafute tena.

Mtoto wa Canning Town

John Francis Leslie alizaliwa Agosti 1901 Canning Town, mtaa wa wafanyakazi mashariki mwa London, karibu na gati kubwa za mto Thames. Baba yake alitoka Jamaika, akawa kibarua katika kazi za gesi. Mama yake alikuwa Mwingereza, mshonaji wa nguo. Mtaa huo ulikuwa na mabaharia wa kila rangi: kutoka visiwa vya Karibi, Afrika Magharibi, India na Somalia. Lakini kuishi pamoja hakukumaanisha amani. Mwaka 1919, askari waliporudi kutoka Vita Kuu ya kwanza na kazi zikawa chache, wazungu walivamia watu weusi katika miji kadhaa ya bandari, Liverpool na Cardiff zikiwa mbaya zaidi, na Canning Town nayo ikaguswa. Leslie wakati huo alikuwa kijana anayekaribia miaka 18.

Alijifunza ufundi wa boila, kazi ya chuma na nyundo, na jioni na wikendi alicheza mpira. Timu ya kwanza iliyomfanya ajulikane ni Barking Town, ya wasiolipwa, huko huko mashariki mwa London. Mwaka 1921 Plymouth Argyle ikamchukua. Alikuwa na miaka 20, akapanda treni kwenda mji ulio zaidi ya kilomita 300 kutoka kwao, mji wa jeshi la maji ambako mtu mweusi alikuwa wa kuhesabika.

Hakuwa mweusi wa kwanza kucheza mpira wa kulipwa Uingereza. Kipa Arthur Wharton, aliyezaliwa Accra mwaka 1865, alikuwa amefanya hivyo tangu karne ya 19. Walter Tull, ambaye babu zake walikuwa watumwa Barbados, alicheza Tottenham na Northampton kabla ya kuuawa vitani Ufaransa mwaka 1918. Wote wawili walikuwa wameshaondoka uwanjani Leslie alipoingia. Katika miaka ya 1920 alikuwa karibu peke yake.

Mshahara wenye kikomo

Ni vizuri msomaji wa leo, aliyezoea kusikia mchezaji analipwa kwa wiki moja pesa za kujenga hospitali, afahamu maisha ya mchezaji wa zama zile. Uingereza ilikuwa na kikomo cha mshahara. Kuanzia 1922 mchezaji hakuruhusiwa kulipwa zaidi ya pauni 8 kwa wiki wakati wa msimu, na pauni 6 wakati wa likizo ya kiangazi. Kikomo hicho kilimhusu kila mtu. Dixie Dean wa Everton alipofunga mabao 60 katika ligi msimu wa 1927–28, rekodi ambayo haijavunjwa mpaka leo, naye alibanwa na sheria hiyo hiyo. Kikomo kilifutwa mwaka 1961.

Hata hivyo, pauni 8 zilikuwa nyingi kuliko alizopata fundi wa kawaida. Ndiyo maana Leslie, hata alipozeeka, alikuwa akisema kwamba kulipwa tu kwa kucheza mpira kulimtosha kuwa na fahari.

Jambo la pili: mchezaji hakuwa huru. Mkataba ukiisha, timu iliweza kumzuia asiende kwingine, ikabaki na jina lake kwenye orodha yake. Mtu alikaa timu moja miaka kumi, mara nyingine kwa mapenzi, mara nyingine kwa kukosa njia.

Wa pili, wa pili, wa pili

Argyle ilikuwa Daraja la Tatu Kusini. Ligi ilikuwa imegawanywa, Kaskazini na Kusini, na kila upande ulipandisha timu moja tu. Ukiwa wa pili, hupati kitu. Na sasa sikilizeni: kuanzia msimu wa 1921–22 hadi 1926–27, Plymouth Argyle ilimaliza ya pili mara sita mfululizo. Misimu sita! Shabiki wa Kongo anayelalamika kwamba timu yake ilipoteza ubingwa kwa pointi moja mwaka jana anaweza kupata faraja kidogo hapo.

Kocha alikuwa Bob Jack, aliyeiongoza timu kuanzia 1910 mpaka 1938. Mwanawe, David Jack, alianzia Argyle, akafunga bao la kwanza kabisa katika uwanja wa Wembley kwenye fainali ya Kombe la FA mwaka 1923 akiwa na Bolton, na mwaka 1928 Arsenal ilimnunua kwa zaidi ya pauni 10,000, bei ambayo haikuwa imewahi kulipwa. Bob Jack basi alijua mchezaji ni nini. Alimweka Leslie upande wa kushoto wa ndani, nafasi ambayo leo tungeiita namba kumi anayeelekea kushoto: mtu wa kupokea, kugawa na kufika mwenyewe kwenye boksi.

Mwaka 1924 akaja Sammy Black, Mskoti mdogo wa umbo, akawekwa winga ya kushoto. Hapo ndipo upande ule wa Argyle ulipowaka. Black ndiye mfungaji bora wa timu hiyo mpaka leo, akiwa na mabao zaidi ya 180. Leslie ni wa nne katika orodha. Wawili hao walicheza pamoja karibu miaka kumi, na mabeki wa kulia wa Kusini mwa Uingereza walipata taabu.

Ofisi ya Bob Jack

Mwanzoni mwa Oktoba 1925 Bob Jack alimwita Leslie ofisini. Habari ilikuwa fupi: umechaguliwa kuichezea Uingereza. Mechi ilikuwa dhidi ya Ireland, Belfast, tarehe 24 Oktoba.

Kwa Kiingereza mechi ya timu ya taifa huhesabiwa kwa jina la kofia, kwa sababu mchezaji hupewa kofia halisi ya kitambaa kama kumbukumbu. Mtu mwenye kofia moja ameichezea nchi yake mara moja. Kwa timu ndogo ya daraja la tatu, kijana wao kupata kofia ilikuwa sherehe ya mji mzima. Leslie mwenyewe alieleza baadaye kwamba kila mtu klabuni alijua, na mji wote ulikuwa unazungumza habari hiyo.

Halafu magazeti yakatoka na orodha. Kwenye nafasi yake palikuwa na Billy Walker wa Aston Villa. Jina la Leslie lilionekana kama mchezaji wa akiba tu, na kwenye safari ya Belfast halikuwemo kabisa.

Hakuna aliyemweleza. Katika mahojiano aliyoyatoa kwa gazeti moja la London mwaka 1978, akiwa na miaka 77, alisimulia jinsi watu walivyoacha ghafla kuzungumza habari ile. Walishindwa kumtazama usoni. Naye hakuuliza moja kwa moja, kwa sababu aliona kwenye nyuso zao kwamba swali lingewatia aibu. Baadaye, kwa njia za pembeni, akasikia kwamba watu wa FA, shirikisho la mpira la Uingereza, walikuwa wamekuja kumtazama tena. Mara hii hawakutazama miguu yake, walitazama uso. Walikuwa wamesahau, au hawakujua, kwamba baba yake ni mweusi.

Wakati ule timu ya taifa haikuwa na kocha wa kuchagua wachezaji. Kamati ya wakubwa wa FA ilikaa mezani, ikapiga kura kwa majina. Ilikuwa rahisi kabisa kwa mjumbe kulipigia kura jina la mtu aliyemsoma gazetini bila kuwahi kumwona. Jina "Jack Leslie" halina rangi.

Wapo wanaosema labda sababu ilikuwa ya mpira: pengine kamati iliona mchezaji wa daraja la tatu hatoshi. Hoja hiyo haisimami. Mwezi Februari mwaka huo huo wa 1925, Uingereza ilikuwa imemchezesha Tommy Cook wa Brighton dhidi ya Wales. Brighton ilikuwa daraja lile lile la tatu, kundi lile lile la Kusini, ikicheza na Argyle kila msimu. Na ndani ya Argyle yenyewe, beki Moses Russell alikuwa akiichezea Wales bila mtu kuuliza daraja. Cook aliweza, Russell aliweza. Tofauti ya Leslie na hao wawili ilionekana kwa macho.

Tusisahau pia mwaka wenyewe. Ni katika 1925 serikali ya Uingereza ilitoa amri ya kuwalazimisha mabaharia weusi wasioweza kuthibitisha uraia wa Kiingereza kujiandikisha polisi kama wageni, ingawa wengi wao walizaliwa chini ya bendera hiyo hiyo. Baba wa mtaani Canning Town aliulizwa karatasi gatini, na mwana wa Canning Town akaondolewa jina kwenye karatasi ya mpira.

Tarehe 24 Oktoba ilifika. Belfast, Uingereza na Ireland zilitoka sare 0–0. Siku hiyo hiyo, Home Park, Argyle iliipiga Bournemouth 7–2. Leslie alifunga mawili.

Nimeyatazama matokeo hayo mara nyingi wakati wa kuandaa makala hii, na kila mara nacheka kwa uchungu. Walienda wakakosa bao.

Aliendelea kucheza

Hakulalamika magazetini. Hakuondoka. Hapa kuna jambo la kufikiria kwa yeyote anayesema mtu angepaswa kupiga kelele: angepiga wapi? Chama kilichomwacha ndicho kilichoongoza mpira wote wa nchi. Leslie alirudi uwanjani Jumamosi iliyofuata na zilizofuata. Viwanja vya ugenini alitukanwa kwa rangi yake, na hilo nalo alilisimulia uzeeni bila kuongeza chumvi.

Msimu wa 1929–30 ukuta ulivunjika. Argyle ilitwaa ubingwa wa Daraja la Tatu Kusini na kupanda Daraja la Pili kwa mara ya kwanza. Januari 1932 katika Kombe la FA timu hiyo iliifunga Manchester United 4–1 Home Park, kisha ikaenda Highbury kucheza na Arsenal ya Herbert Chapman, timu kubwa kuliko zote za zama hizo, mbele ya watu zaidi ya 65,000. Ilipoteza 4–2, lakini Plymouth haikurudi nyumbani imeinamisha kichwa.

Leslie alifanywa kapiteni. Kwa mtu mweusi, katika ligi ya Uingereza ya miaka ya 1930, kuvaa utepe wa kuongoza wazungu kumi halikuwa jambo dogo. Mtu wa kamati London alishindwa kumkubali kuwa mmoja kati ya kumi na moja. Wenzake waliokaa naye chumba kimoja cha kubadilishia nguo walimkubali kuwa mbele yao.

Kilichommaliza ni jicho. Mpira wa wakati ule ulikuwa wa ngozi nzito, umefungwa kwa kamba ya ngozi kama kiatu. Ukilowa mvua uliongezeka uzito, na aliyeupiga kichwa upande wa kamba alirudi na alama. Kamba hiyo ilimwumiza Leslie jichoni, na katika msimu wa 1934–35 akaacha mpira. Miaka 13 na zaidi, timu moja.

Chumba cha viatu

Baada ya muda alirudi mashariki mwa London, kwenye nyundo na boila, kazi aliyoianza ujanani. Hakukuwa na malipo ya uzeeni ya kutisha wala kazi ya kuchambua mpira redioni. Alikuwa na mke, Lavinia, aliyemwoa mwaka ule ule wa 1925, na binti mmoja.

Katika miaka ya 1960, akiwa amestaafu ufundi na hataki kukaa bure, alienda West Ham, timu ya mtaani kwao, kuomba kazi yoyote. Kocha Ron Greenwood alimtambua, akampa kazi papo hapo: kusafisha viatu vya wachezaji.

Viatu hivyo vilikuwa vya nani? Vya Bobby Moore, kapiteni wa Uingereza aliyenyanyua Kombe la Dunia mwaka 1966. Vya Geoff Hurst, aliyefunga mabao matatu katika fainali hiyo. Vya Martin Peters, aliyefunga lile lingine. Baadaye vya Clyde Best, mshambuliaji mweusi kutoka Bermuda aliyefika mwaka 1968. Mzee mpole wa chumba cha viatu, mwenye brashi na kopo la dawa ya viatu, alikuwa amefunga mabao mengi kuliko wengi wa wenye viatu, na wengi wao hawakujua. Yeye hakuwaambia.

Mtu anaweza kuiona picha hiyo kama udhalili. Mimi nilianza kuiona hivyo. Lakini wanaomkumbuka pale West Ham wanasimulia mtu aliyeipenda kazi yake na kuwapenda vijana, na sidhani ni haki yangu mimi kumwonea huruma mahali ambapo yeye aliona furaha. Wa kuonewa aibu ni wale walioketi mezani mwaka 1925.

Novemba 1978 Viv Anderson, beki wa kulia wa Nottingham Forest, aliingia Wembley dhidi ya Czechoslovakia. Dunia ilimwandika kuwa mweusi wa kwanza kuichezea timu kubwa ya Uingereza katika mechi kamili. Miaka 53 ilikuwa imepita tangu Belfast. Leslie alikuwa hai kuishuhudia siku hiyo. Alifariki Novemba 1988, na magazeti mengi hayakumshughulikia.

Sanamu, kisha kofia

Plymouth haikumsahau kabisa. Mwaka 2019 klabu iliipa chumba chake cha mikutano jina la Jack Leslie. Mwaka uliofuata, dunia ilipokuwa inajadili mauaji ya George Floyd na sanamu za wafanyabiashara wa watumwa zikiangushwa, mashabiki wawili wa Argyle, Greg Foxsmith na Matt Tiller, walianzisha kampeni ya kuinua sanamu badala ya kuangusha. Waliomba michango kwa watu wa kawaida. Zilipatikana zaidi ya pauni 100,000, kutoka kwa mashabiki wa timu mbalimbali, hata zile zinazozomeana kila Jumamosi.

Mchongaji Andy Edwards alifanya kazi hiyo, na sanamu ilizinduliwa nje ya Home Park tarehe 7 Oktoba 2022, wajukuu wa Leslie wakiwepo.

Kwetu sisi habari hii si ya mbali kama inavyoonekana. Axel Tuanzebe alizaliwa Bunia, akalelewa Uingereza, akavaa jezi ya vijana wa nchi hiyo, kisha akachagua Kongo. Aaron Wan-Bissaka, mwana wa Wakongomani aliyezaliwa London, naye aliichezea Uingereza ya vijana kabla ya kuja kwa Leopards. Mashabiki wa Kinshasa na Lubumbashi walibishana sana: amekuja kwa moyo au kwa sababu kule hawakumwita? Ubishi huo ni wa haki, lakini uzito wake ni mwingine. Vijana hawa wana mlango wa pili. Leslie hakuwa nao. Jamaika ya 1925 ilikuwa koloni, na nchi pekee aliyoweza kuichezea ni ile aliyozaliwa.

Hatimaye FA ilikiri kwamba Leslie alitendewa isivyo haki, ikatoa kofia ya heshima kwa jina lake. Ilikabidhiwa familia yake mwezi Machi 2023, zaidi ya miaka 97 baada ya Bob Jack kumwita kijana wake ofisini na kufunga mlango. Waliopokea ni wajukuu wake, wanawake waliokulia na hadithi hiyo mezani, ambao babu yao aliisimulia mara chache na kwa sauti ya chini.